Mgonjwa wa Milimani: Kuuguza Mzazi Katika Uluguru

  

Ndugu msomaji, historia tuliyofundishwa wengi wetu ni ya vita na watawala, nani alishinda na nani alikimbia. Iko historia nyingine ambayo haikuandikwa sana, nayo ni ya chumba cha mgonjwa. Mzazi anapolala kitandani baina ya uhai na mauti, nani huketi kichwani pake? Nani hutoa mbuzi wa kuuzwa? Nani mwenye kauli ya kusema apelekwe huku au kule? Na akipona, yale yaliyosemwa na kutendwa siku zile yanakuwaje? Mimi nimeishi miaka mingi nikisomesha chini ya milima ya Uluguru, na mambo haya nimeyaona kwa macho yangu, tena mara ya kwanza nyumbani kwetu.

Lakini tuanze mbali. Katika Hija ya kuaga, mwaka wa 10 wa Hijra, sahaba mkubwa Saad bin Abi Waqqas (R.A.) aliugua Makka ugonjwa ambao yeye mwenyewe hakutumaini kupona. Alikuwa mtu wa mali, na wakati ule mrithi wake wa karibu alikuwa binti mmoja tu. Mtume (S.A.W.) alipokwenda kumzuru, Saad akataka ruhusa atoe theluthi mbili za mali yake sadaka. Akakataliwa. Akasema nusu, akakataliwa. Akasema theluthi, akaambiwa theluthi, na hiyo theluthi ni nyingi. Kwani kuwaacha warithi wakiwa na uwezo ni bora kuliko kuwaacha wakinyosha mikono kwa watu. Tena imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alimwekea Saad mkono kifuani alipougua, na akaagiza apelekwe kwa Harith bin Kalada, mtu wa kabila la Thaqif aliyekuwa tabibu. Angalia jambo hili vizuri: dua ilisomwa, na tabibu akatafutwa. Saad akapona. Aliishi miaka zaidi ya 40 baada ya hapo, akaongoza jeshi la Qadisiya, akaujenga mji wa Kufa, na akapata watoto wengi. Lau angeachiwa kugawa mali kwa maneno ya homa, watoto wale wangekuta nini?

Na Jabir bin Abdallah (R.A.) naye aliugua Madina mpaka akazimia. Mtume (S.A.W.) na Abubakar walimwendea kwa miguu, akamwagiwa maji ya udhu, akazinduka. Swali lake la kwanza alipofumbua macho lilikuwa: nifanyeje na mali yangu? Kwa ajili ya swali lile ikateremka aya ya mirathi. Jabir naye akapona, akaishi mpaka uzee mkubwa. Basi sheria ya mirathi tunayoisoma leo ilitoka, kwa sehemu, katika vinywa vya wagonjwa waliopona.

Sasa tuje kwetu. Milima ya Uluguru inaanza nyuma ya mji wa Morogoro, kilele cha Lupanga kikiwa mita 2,138, na inaendelea kusini mpaka Kimhandu kunakopita mita 2,600. Mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam, chanzo chake kiko huko. Misafara ya zamani kutoka mwambao ilipita kandokando ya milima hii. Mwaka 1857 Mwingereza Burton alipita upande wa Duthumi na Zungomero, akalala hoi kwa homa, na alipoandika habari za safari yake aliieleza nchi ile ya bondeni kuwa ni nchi ya magonjwa. Upande wa kaskazini palikuwapo mji wenye ngome wa Kisabengo, mtu wa asili ya Uzigua, uliojulikana baadaye kwa jina la binti yake Simbamwene. Stanley aliuona ukiwa umestawi mwaka 1871. Aliporudi mwaka 1872 alikuta mafuriko yameuvunja. Mlimani kwenyewe Waluguru walikaa na wakubwa wao, mashuhuri zaidi akiwa Kingalu wa Kinole, aliyeendewa kwa ajili ya mvua. Uislamu ulipanda huko kutoka pwani, kwanza kwa njia ya misafara na biashara, kisha kwa waalimu na masheikh wa tarika, hasa Kadiria, katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20.

Ulipopanda ulikuta mila yenye nguvu. Mluguru ni mtu wa ukoo wa mama yake, ambao huitwa lukolo. Ardhi ni ya ukoo, na msimamizi wake ni mndewa. Mwanamume akioa, mara nyingi huenda kukaa na kulima kwa wakweze. Watoto wake ni wa ukoo wa mke wake. Kwa baba wanapata jina na heshima ya upande ule, ndiyo wanayoiita mtala, lakini si urithi. Warithi wa mwanamume kwa mila ni ndugu zake wa tumbo moja na wapwa zake, yaani watoto wa dada yake. Wako watu wa mjini wanaoicheka mila hii. Mimi siicheki. Imewapa wanawake wa Uluguru ardhi ambayo wanawake wa makabila mengi hawakuipata, na mjane wa Kiluguru hafukuzwi shambani, kwani shamba ni lake. Tatizo lake hujitokeza mahali pamoja hasa: pale baba anapougua sana. Watu wanaomlisha na kumgeuza kitandani ni mke na watoto, na watu wenye kauli juu yake ni wa nyumba nyingine.

Dawa nazo zina historia yake. Zamani jambo kubwa lilipelekwa kwa Kolelo, katika pango la upande wa mashariki, ambako hata watu wa Uzaramo walikwenda kuomba mvua na salama. Na jina hilo lilitajwa tena wakati wa vita vya Maji Maji mwaka 1905, watu walipoamini kwamba maji yatazuia risasi. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika Morogoro mwaka 1882, na pamoja na dini yao walileta dawa. Reli ikafika kutoka Dar es Salaam mwaka 1907. Lakini mlimani mgonjwa aliendelea kubebwa. Tulipopata Uhuru mwaka 1961 vituo vya afya vya vijijini nchi nzima havikufika 30. Ilipofika 1980 vilipita 200, na hii ni kazi ambayo haifai kusahauliwa. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili wakikusanyika katika vikundi kusikiliza na kusoma habari za vyoo, maji na malaria. Mimi nilikuwa mtoto. Nakumbuka baba akirudi kutoka kikundini na kuanza kuchimba choo kipya usiku uleule, kwa taa ya kandili.

Baba huyo ndiye ninayetaka kumweleza. Alikuwa fundi cherehani. Asili yake ni upande wa Kinole, lakini alikaa kwa wakweze, kijiji cha mama yangu, mlimani juu ya Mkuyuni. Alikuwa na ngiri kwa miaka mingi, akiifunga kwa kitambaa, akisema ni mshipa tu.

Mwezi wa Aprili 1979 masika yalikuwa makali. Vita vya Uganda vilikuwa havijakwisha, ingawa Redio Tanzania ilikwisha tangaza kuanguka kwa Kampala. Sabuni hakuna, sukari hakuna, petroli ni ya kubahatisha, na magari mengi ya mizigo yalikuwa yamechukuliwa kwa kazi ya vita. Usiku mmoja baba akashikwa na maumivu ya kinena, ngiri ikawa ngumu kama jiwe, akawa anatapika. Mama akampelekea shangazi yangu habari ng'ambo ya pili ya mlima, kwani mgonjwa ni wa ukoo wao na yeye hakuweza kukata shauri peke yake. Alisema, “Mume wangu ni mtoto wa watu. Nikimpeleka mahali akafa, nitajibu nini?”

Kulipokucha wakafika wazee wa upande wa baba pamoja na wapwa zake watatu. Wao wakataka abebwe hadi kwao, akatazamwe na mtu wao, na kama siku zake zimekwisha azikwe kwao. Kaka yangu akasema hatoki mtu. Na mimi, ndugu msomaji, nilikuwa na miaka 19, nimekwisha hitimu msahafu na nimeanza kusoma fikihi, nikajiona mwanachuoni. Nikasema wote wanyamaze, baba asomewe. Nikaandika kombe kwa zafarani, nikamnywesha, akatapika. Nikawakusanya wanafunzi wenzangu, tukaanza kisomo kirefu. Tulisoma tangu asubuhi mpaka jua likapinduka. Siku ile nilidhani naonyesha imani. Leo najua nilikuwa nashindana na wazee wa Kinole, nao wanashindana nami, na katikati yetu mtu anakufa.

Mimi sikatai kisomo, na kombe nimeliandika mara nyingi baada ya siku ile. Qurani ni shifaa, na mwenye kuomba huombwa aombe zaidi. Lakini Mtume (S.A.W.) aliyemwombea Saad ndiye aliyemwagiza kwa Harith bin Kalada, na mimi hadithi hiyo nilikuwa bado sijaisoma.

Aliyekata maneno ni shangazi, mama wa wale wapwa, mtu ambaye sisi watoto tulikuwa tumekwisha msema kwamba anakuja kuhesabu mali. Aliingia ndani, akamtazama kaka yake, akatoka uani na kusema kwa sauti: “Nyinyi wa kusoma someni njiani. Na nyinyi wa kwetu bebeni. Kaka yangu hana siku ya pili.” Akavua khanga yake ya juu akaitandika kitandani. Hakuna mzee aliyemjibu. Katika ukoo wa mama, dada wa mgonjwa ndiye ukoo wenyewe.

Tukafunga mianzi miwili kwenye kitanda cha kamba, tukashuka. Watu wanane, wanne wakibeba na wanne wakipumzika, njia ni utelezi mtupu, na kila mto umejaa. Mpwa mkubwa wa baba alibeba mguu wa mbele upande wa kulia bila kupokewa mpaka bega likachubuka. Katikati ya njia baba akaomba atuliwe. Akasema, na sote tulisikia, “Nikifa, kila kilicho changu kirudi kwa dada yangu.” Kisha hakusema tena.

Mkuyuni tulisubiri hadi alasiri, likapatikana lori lililokuwa likichukua ndizi. Dereva akashusha mikungu ili kupata nafasi, wala hakutaka nauli. Tuliingia Morogoro mjini baada ya Isha. Daktari alimtazama kwa dakika chache tu. Akasema ngiri imejinyonga, utumbo umebanwa na huenda kipande chake kimekwisha kufa, lazima apasuliwe usiku huu, na damu itakiwe. Sisi watoto watatu tukapimwa, na wapwa wawili. Damu yangu haikukubaliana na ya baba. Iliyokubali ni ya kaka yangu na ya mpwa mkubwa, wale wawili waliokuwa wakikamatana mashati asubuhi. Wakalazwa kwenye benchi moja.

Alipasuliwa usiku ule, kikakatwa kipande cha utumbo. Siku tatu hakujua watu. Hakuruhusiwa kunywa, na kiu ilikuwa ikimtesa kuliko jeraha. Mama akawa analowesha kitambaa na kumgusisha midomo, kutwa, kucha. Shangazi alikuwa akipika uji kwa jamaa wa mjini na kuuleta, akijua mgonjwa hanywi, ili mama angalau ale. Walibadilishana zamu wake wale wawili, ambao kwa miaka 20 walisalimiana kwa adabu tu. Mbuzi wanne waliuzwa: wawili wa mama, wawili wa shangazi. Siku ya nne baba akauliza saa ngapi sasa, na je, amekwisha poteza sala ngapi.

Huku nyuma mlimani mambo yalikuwa mengine. Mpwa wa pili alichukua cherehani, akaivusha mlima hadi kwao. Kaka yangu alipopata habari akamshitaki kwa mwenyekiti wa kijiji kuwa ni mwizi. Yule kijana akajibu kwamba si mwizi, ameshika wasia wa mjomba wake alioutamka mbele ya watu wanane. Kaka yangu akasema maneno ya machela si wasia, ni maneno ya maumivu. Kijiji kikagawanyika, na mzee mwenyewe yuko hai hospitalini anajifunza kukaa!

Nataka nieleze hukumu ya jambo hili, kwani mpaka leo watu huja kuniuliza. Alichokisema baba ni wasia, na wasia hautimizwi ila mwenye kuusia akifa. Maadamu yu hai anaweza kuurudisha wakati wowote. Na hata angekufa, wasia kwa asiye mrithi haupiti theluthi isipokuwa warithi waridhie, ndivyo alivyoambiwa Saad. Mtoto wa dada, ambaye kwa mila ya Uluguru ndiye mrithi, kwa sheria yetu harithi pale watoto wapo. Basi yule kijana hakuwa mwizi, na kaka yangu hakuwa na haki ya kumwita hivyo. Lakini cherehani haikuwa yake.

Baba alirudi baada ya wiki sita hivi, amekonda, akishuka gari Mkuyuni na kupanda mlima kwa mkongojo, akipumzika kila kona. Watani wake wa Kizigua walikuwa wakimngoja njiani wakimwimbia kwamba wamekwisha kula pilau la matanga yake na hawamrudishii mchele. Alicheka mpaka akashika kovu. Alipoingia ndani akaona pale mahali pa cherehani ni patupu. Hakuuliza. Akaomba maji ya udhu.

Alikaa kimya juu ya habari ile mpaka Ramadhani ilipopita. Kisha akawaita shangazi, wapwa, sisi watoto, mndewa wa kwao, na mwalimu wangu wa madrasa aandike. Akasema maneno aliyoyatamka njiani ameyarudisha, kwani aliyatamka akidhani dunia ina mtu mmoja tu. Theluthi ya mali yake, akifa, iwe ya wapwa zake, kwa kuwa ndio waliombeba. Zilizobaki zigawiwe watoto na mke kwa faraidhi. Mndewa akauliza, kwa upole, je, mila imekufa? Baba akamjibu kwamba ardhi ya ukoo hakuigusa na hana ruhusa ya kuigusa. Anachokisema ni jasho la sindano yake. Mzee yule akatafakari sana. Mwisho akaweka kidole gumba kwenye wino na kukibandika kwenye karatasi. Mpwa wa pili akairudisha cherehani kesho yake, ameitia mafuta.

Karatasi kama ile imewaokoa wengi, na kukosekana kwake kumewaharibu wengi zaidi. Mahakama zetu, Mwislamu akifa, huweza kuulizwa kama aliishi kwa mila ya kabila lake au kwa dini yake, na nimekwisha itwa mara kadhaa kutoa ushahidi wa maisha ya marehemu: alifunga? Alioa kwa nikahi? Ni aibu kubwa kwa mtu kuswali miaka 50 kisha majirani wabishane mahakamani kama alikuwa Mwislamu wa kweli, kwa sababu tu hakuandika mistari kumi. Wengi huogopa, husema kuandika wasia ni kujitakia mauti. Baba aliandika wa kwake akaishi miaka 17.

Mambo ya kuuguza yamebadilika. Tangu 1993 hospitali za serikali zilianza kutoza ada, na mbuzi wanne hawatoshi tena. Ukaja Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanza kazi mwaka 2001, kwanza kwa watumishi wa serikali, na mwaka 2023 Bunge likapitisha sheria ya bima kwa wote. Bodaboda hufika mahali ambapo sisi tulibeba mianzi, ingawa masika yakikolea viko vijiji ambavyo bado hutafuta mabega manane. Na watoto wengi wako mbali, hutuma fedha kwa simu na kuuliza hali kwa simu. Siwalaumu wanaotuma; fedha ile ndiyo dawa. Ila mgonjwa mmoja aliniambia mjini Morogoro kwamba simu yake inalia kila saa na hana mtu wa kumgeuza ubavu.

Baba alifariki mwaka 1996, wakati wa mavuno ya mpunga, kwa uzee, kitandani kwake. Ile karatasi ilisomwa siku ya tatu. Shangazi alikuwa bado hai, haoni tena, akakaa mlangoni akisikiliza. Liliposomwa neno la theluthi alitikisa kichwa, akauliza kama khanga yake aliyomtandikia kaka yake mwaka ule iko wapi. Mama akaingia ndani, akaitoa sandukuni, imefuliwa na kukunjwa.